Kupiga kambi ziwa la New Melones, California mwisho wa Juni: kiwanja kipi, hema liwekwe wapi, na tubebe nini?

#1 BintiPwani
Wadau, habari za leo. Tunatokea Stockton, watu wazima 4 na watoto 2 (miaka 5 na 9). Mpango ni kulala usiku 2 New Melones wiki ya mwisho ya Juni. Hema ni moja, limeandikwa la watu 8. Kuna jiko la gesi la pleti mbili na turubai la mita 3 kwa 4. Naomba msaada kwenye haya: tuchague eneo la Glory Hole au la Tuttletown? Hema tuliweke wapi ndani ya kiwanja? Na moto wa kuni unaruhusiwa mwezi huo? Ramani zinaonyesha miti kila mahali ila hazisemi ni miti gani wala kivuli kinaangukia wapi.

#2 Mlimani49
Karibu dada. Anza na ziwa lenyewe, maana wengi hulikosea. New Melones ni bwawa kwenye Mto Stanislaus. Ukuta ulikamilika 1979 na maji yakafunika korongo lenye maji ya kasi lililopendwa sana na wapiga makasia. Mwaka huohuo Mark Dubois alijifunga kwa mnyororo kwenye mwamba wa korongo hilo kuzuia maji yasipandishwe. Nalitaja kwa sababu umbo la korongo bado lipo chini ya maji. Ukingo unashuka ghafla, na mtoto anayesimama maji ya magotini anaweza kupiga hatua mbili akakosa ardhi.

La pili, ni maji ya kumwagilia mashamba. Usawa kamili ni mita 332 juu ya bahari, lakini kuanzia Juni hadi Oktoba maji yanashuka wiki hadi wiki. Mwaka 2015, ukame ulipofika kilele, lilibaki karibu asilimia 11 ya ujazo wake. Kwa hiyo kiwanja kinachoonekana kando ya maji kwenye picha ya mwaka wenye mvua, mwaka mwingine kitatazama mteremko mtupu wa udongo mwekundu na mawe. Kabla ya kulipia, angalia usawa wa siku hiyo kwenye ukurasa wa Bureau of Reclamation (idara ya serikali kuu inayosimamia bwawa), kisha ulinganishe na picha ya setilaiti ya mwaka ambao usawa ulikuwa karibu na huo.

Glory Hole iko upande wa mji wa Angels Camp, ina kambi za Big Oak na Ironhorse. Tuttletown iko kati ya Angels Camp na Sonora, nayo ina Acorn, Manzanita na Chamise. Maji ya bomba na vyoo vipo, umeme kwenye viwanja hakuna. Zote mbili unaweka nafasi kwenye tovuti ya Recreation.gov, na siku hufunguliwa miezi 6 kabla, saa 1 asubuhi kwa saa za California. Kuchagua kati ya hizo mbili kusikupotezee muda. Tofauti kubwa ni ya kiwanja na jirani yake ndani ya kambi moja.

#3 MzeeWaTurubai
Mlimani kasema vizuri. Mimi niongeze miti, maana hapo ndipo kambi ya Juni inapofaulu au kuharibika.

Utakuta miti mikubwa ya aina tatu. Mwaloni wa buluu (Quercus douglasii) una majani madogo yenye rangi ya buluu iliyofifia, kivuli cha wastani, na ukame ukizidi hupukutisha majani mapema. Mwaloni wa majani ya kudumu (Quercus wislizeni) una majani magumu yanayong'aa, mengine yana miiba pembeni. Huu ndio wenye kivuli kizito kuliko yote na ndio wa kuutafuta. Wa tatu ni msonobari wa kijivu (Pinus sabiniana), shina mara nyingi limegawanyika kama manati, sindano ndefu tatu tatu. Usiutegemee kwa kivuli. Sindano zake ni chache na jua linapita kama kwenye chandarua.

Sasa la muhimu: hakuna mti hata mmoja kati ya hiyo wa kulala chini yake. Msonobari huo huangusha koni zenye ncha kama kucha, na mbichi moja huweza kuzidi nusu kilo. Mialoni nayo huvunja matawi makubwa siku za joto bila upepo wowote, hasa mchana na jioni. Tawi linaweza kuwa na majani mabichi kabisa na bado likaanguka.

Kabla hujafungua hema, zunguka kila mti ukitazama juu. Tafuta tawi lisilo na majani wakati mengine yanayo, tawi lililovunjika likanasa juu ya jingine, ufa kwenye maungio, uyoga mgumu kwenye shina. Ukiona shina lina mamia ya vitundu vilivyojazwa njugu za mwaloni, hapo ni ghala la vigong'ota. Chunguza zaidi, kwa sababu ndege hao hupenda sana mbao zilizokufa. Msonobari wenye sindano zote za kahawia umeshakufa. Ukame wa 2012 hadi 2016 uliua zaidi ya miti milioni 100 California nzima, na mbawakawa wa magome wanaendelea na kazi. Ukiona mti wa namna hiyo juu ya kiwanja chako, mwambie askari wa hifadhi akubadilishie.

#4 BintiPwani
Shikamoo mzee. Hapo nimekwama. Kivuli nakihitaji kwa ajili ya watoto, na chini ya mti nisilale. Sasa nifanyeje?

#5 MzeeWaTurubai
Marahaba mwanangu. Dawa ni kutumia kivuli kinacholala chini upande wa pili wa mti, siyo kivuli cha chini ya matawi.

Mwisho wa Juni pale, saa 10 jioni jua liko karibu magharibi kamili, nyuzi 50 hivi juu ya upeo. Kivuli cha mti wa mita 10 kinaenda mashariki mita 8 na kidogo. Ikifika saa 12 jioni jua limeshuka hadi nyuzi 26, na mti huohuo unatupa kivuli cha mita 20, kikipinda kidogo kuelekea kusini. Hizo ndizo saa mbaya za siku, kwa hiyo hema liwe mashariki ya mti, mita 2 au 3 nje ya pale matawi yanapoishia. Asubuhi litapigwa na jua, lakini saa hizo bado kuna ubaridi na mnaamka kunywa chai.

Kuanzia saa 5 asubuhi hadi saa 9 alasiri hakuna mti utakaokusaidia bila kukaa chini yake. Hapo ndipo turubai linaingia. Funga upande wa magharibi chini, mita 1.2 kutoka ardhini, na upande wa mashariki juu, mita 2.2, ili hewa ipite na joto lisikwame. Turubai la rangi ya fedha au nyeupe linafaa. La buluu lile jembamba hupitisha joto jingi. La mita 3 kwa 4 kwa watu 6 ni dogo, ongeza jingine la ukubwa huo.

Ukitazama ramani ya kuweka nafasi, tafuta kiwanja chenye mti mkubwa upande wa magharibi na nafasi wazi mashariki yake. Kiwanja chenye mti upande wa mashariki tu kitakupa kivuli wakati wa chai, halafu muokwe na jua hadi linapozama.

#6 FundiHema
Naongezea vigingi, maana vile vinavyokuja na hema havifai huko. Udongo ni mfinyanzi mwekundu uliokauka, na chini kuna mawe. Vya waya vinapinda, vya plastiki vinapasuka vichwa. Nunua misumari mirefu ya chuma duka la vifaa vya ujenzi, sm 25 hadi 30, unene wa sm 1 hivi, na washa pana (pete bapa ya chuma) moja kwa kila msumari ili kamba isichomoke juu. Hema la watu 8 litataka 12 hadi 16. Nyundo iwe ya kilo 1.5. Kigingi kiinamie nje, kichwa kikiwa mbali na hema.

Upepo wa mchana hupanda kutoka bondeni na usiku hushuka kutoka milimani, kwa hiyo kamba zifungwe pande zote, siyo upande mmoja unaodhani ndio wa upepo. Hema tupu lisilofungwa linaruka hadi majini.

Turubai la chini likatwe au likunjwe liwe dogo kuliko sakafu ya hema kwa sm 5 hadi 8 kila upande. Likichomoza nje linakusanya maji. Mvua ya Juni ni adimu, lakini Oktoba kosa hilohilo litakulowesha.

Kitu kingine dada: "watu 8" wanahesabu mabega kwa mabega bila mizigo. Kwa watu 6 wenye magodoro ya upepo limejaa.

#7 Kibao_Modesto
Wakuu, kwani si mwagie maji ardhini kwanza? Kigingi cha kawaida kinaingia bila shida.

#8 FundiHema
Kinaingia, na kinatoka hivyohivyo, kaka. Udongo ukiwa tope hauna mshiko, na upepo wa jioni unakuja kabla haujakauka. Maji yatumie wakati wa kung'oa: lita moja kwa kila msumari, subiri dakika 15, uzungushe kwa plaizi na kuvuta.

Pia usiku wa Juni vua kifuniko cha juu kama utabiri ni mkavu. Hema lenye wavu mtupu linapoa haraka sana. Mchana usimwache mtoto alale ndani hata kivulini. Joto ndani ya hema lililofungwa huzidi la nje.

#9 JikoLaNje
Nije kwenye chakula na gesi.

Mtungi mdogo wa gramu 465 unalisha pleti moja ya BTU 10,000 (kipimo cha nguvu ya moto) kwa saa 2 hivi ikiwashwa hadi mwisho. Watu 6, chai na mayai asubuhi, wali au ugali na mboga jioni: hesabu mtungi mmoja kwa siku, bebeni 3. Bora zaidi ni mtungi wa kujazwa wa kilo 2.3 na bomba lake, kwa sababu California itapiga marufuku kuuza vile vya kutupa kuanzia Januari 1, 2028.

Ugali kwenye jiko la kambi una hatari moja: sufuria pana na mkono unaosonga vinaangusha jiko. Sufuria isizidi sm 26, jiko likae juu ya jiwe bapa au chini kabisa, mtu mwingine ashike mikono ya sufuria. Upepo ukivuma zungusha ubao au masanduku mbali kidogo, usizibe jiko na mtungi kwa karatasi ya alumini. Joto linarudi kwenye mtungi.

Barafu: masanduku mawili, moja la vinywaji linalofunguliwa kila dakika, jingine la nyama linalofunguliwa mara mbili kwa siku. Ukichanganya, barafu itakwisha siku ya kwanza jioni. Poza sanduku usiku mmoja kabla. Kwa lita 50 weka vipande viwili vikubwa vya kilo 4.5 chini na mfuko mmoja wa vidogo juu. Nyama igandishwe hadi iwe jiwe, kuku wa siku ya pili akae chini kabisa. Weka kipimajoto ndani. Kikipita nyuzi 4 nyama ipikwe mara moja. Joto la nje likizidi nyuzi 32, chakula kilichopikwa kisikae mezani zaidi ya saa moja.

Maji: lita 4 hadi 5 za kunywa kwa kila mtu mzima, na nyingine kama hizo za kupikia na kuoshea. Bomba lipo, ila beba madumu mawili ya lita 20 ili usiwe unakimbia na sufuria.

#10 Zimamoto_Bonde
Sasa moto. Jibu fupi: Juni inategemea siku. Amri za kuzuia moto hutolewa kadiri nyasi zinavyokauka, na zinaweza kuanza katikati ya wiki yenu. Angalia siku moja kabla na uulize langoni. Amri ikitoka, kuni hukatazwa, na mara nyingi mkaa pia. Jiko la gesi lenye swichi ya kuzimia kwa kawaida ndilo linalobaki. Kwa hiyo mpango wa chakula uwe wa gesi tangu mwanzo, na nyama choma iwe nyongeza.

Moto ukiruhusiwa ni ndani ya pete ya chuma ya kiwanja tu. Usisogeze pete, usitengeneze mafiga ya mawe.

Kuni msibebe kutoka Stockton. Magome hubeba mbawakawa na magonjwa ya mialoni kutoka wilaya moja hadi nyingine. Nunueni Angels Camp au Sonora, mzigo mmoja unawaka saa moja na nusu hivi. Kwa kuchoma tafuta mwaloni mkavu, makaa yake yanakaa. Kuni za msonobari zinaruka cheche na kutia nyama ladha ya utomvu. Wekeni za kuwashia tu. Kuokota matawi chini siyo haki yenu, na mengine yamezungukwa na mmea ambao ndugu atakayefuata bila shaka ataueleza.

Kuzima: mwaga maji, koroga kwa sepetu, mwaga tena, gusa majivu kwa upande wa nyuma wa kiganja. Hesabu lita 15 hadi 20. Majivu yakiwa bado ya moto, hamjamaliza. Kufukia kwa udongo hakuzimi, kunahifadhi makaa.

Moto wa Butte, uliounguza zaidi ya hekta 28,000 za wilaya za Amador na Calaveras Septemba 2015, ulianzia kwenye msonobari wa kijivu mmoja ulioegemea waya wa umeme. Ndiyo sababu nasisitiza haya: egesha gari likitazama nje, funguo zijulikane zilipo, jiandikishe kupata tahadhari za simu za wilaya ya Calaveras na ya Tuolumne. Mtandao wa simu kwenye vighuba hukatika. Mkiambiwa mwondoke, hema liacheni.

#11 Kupe_na_Nyoka
Mmea wenyewe ni mwaloni sumu (Toxicodendron diversilobum). Si mwaloni wa kweli, ila majani yanafanana. Yanatoka matatu matatu, la kati lina kikonyo kirefu kuliko mengine. Juni ni kijani kinachong'aa, mwisho wa kiangazi hugeuka mekundu, wakati wa baridi hubaki vijiti vitupu na bado vinawasha. Mafuta yake yakigusa ngozi, osha ndani ya dakika 10 kwa maji baridi na sabuni ya vyombo, ukisugua kwa kitambaa. Nguo na viatu vifuliwe peke yake. Mbwa na mpira wa mtoto hubeba mafuta hayo hadi hemani. Usichome hata kijiti kimoja, moshi wake unaumiza mapafu vibaya.

Nyoka wa njuga wapo. Wanapenda mawe na chini ya magogo wakati wa joto, na hutoka jua likizama. Tochi kwa kila mtu anayekwenda chooni, viatu vilivyofunika vidole, usiingize mkono mahali usipopaona. Akiuma: vua pete na saa, mtulize, piga 911, hospitali iko Sonora. Kuchanja, kunyonya na kufunga kamba kunaongeza madhara.

Kupe wadogo ndio wa hatari ya ugonjwa wa Lyme, wadogo kuliko mbegu ya ufuta, na wanakaa kwenye majani makavu ya mialoni na magogo. Jioni kagua nyuma ya magoti, kinena, kwapa na nyuma ya masikio ya watoto. Mtoe kwa kibano chembamba, karibu na ngozi, ukivuta moja kwa moja. Usimpake mafuta wala kumchoma.

Rakuni hufungua zipu na masanduku. Chakula chote kiingie garini usiku. Hiyo ni kwa New Melones. Ukipanda hadi ziwa la Bass Lake, milimani kusini zaidi, juu ya mita 1,000, misonobari mirefu na mialoni myeusi, huko ni kwa dubu: tumia makabati ya chuma ya kambi, usiache hata dawa ya meno kwenye gari.

#12 Baharia_Delta
Upande wa maji. Jaketi okozi mvalisheni mtoto tangu anaposogelea ukingo, kwa sababu aliyoitoa Mlimani. Sheria ya California inamtaka mtoto chini ya miaka 13 alivae kwenye chombo kinachotembea, lakini hapa hatari ni hata akiwa amesimama. Maboya ya mikononi na matairi ya kuchezea hayahesabiki. Upepo wa alasiri unayasukuma katikati ya ziwa.

Mkibeba kayaki au boti, lazima iwe safi, kavu, bila tone la maji. Kome wa dhahabu, vamizi wanaosafiri na boti na maji yake, waligundulika kwenye delta ya mito ya Sacramento na San Joaquin Oktoba 2024, yaani mlangoni kwenu Stockton, na maziwa mengi yameweka ukaguzi au karantini tangu hapo. Masharti hubadilika, soma ya New Melones kabla ya kupakia. Boti yenye maji chini inarudishwa langoni.

Kuvua: kila mwenye miaka 16 na zaidi anahitaji leseni. Watoto wenu hawahitaji. Samaki aina ya bass wa maziwa ya California hubeba zebaki, na ushauri wa jumla wa jimbo ni kwamba watoto na wanawake wa umri wa kuzaa wasiwale. Milima hii ilichimbwa dhahabu kwa zebaki karne ya 19, na bado imo kwenye tope.

#13 BintiPwani
Asanteni sana, nimenakili vyote. Swali la mwisho kwa mzee: tukifika saa 8 mchana jua bado liko juu, magharibi nitaijuaje? Dira ya simu niiamini?

#14 MzeeWaTurubai
Iamini, ila weka simu mbali na gari na ile misumari ya FundiHema, chuma kinaivuta. Halafu hakikisha imewekwa kwenye kaskazini ya kweli. Simama pale unapotaka mlango wa hema uwe, tazama nyuzi 260 kwenye dira, nyoosha mkono mbele na uinue hadi nusu kati ya upeo na anga iliyo juu ya utosi wako, kisha zidisha kidogo. Hapo ndipo jua litakuwa saa 10. Kidole kikigota kwenye majani mazito, kivuli unacho. Kikionyesha anga tupu, sogea mita 3 kaskazini au kusini upime tena, kabla hujapigilia msumari hata mmoja.